Likizo fupi, kitabu kimoja: hesabu ya kusoma ambayo orodha za shule huisahau

Siku ya kufunga shule nchini Kenya, mwanafunzi wa kidato cha tatu hurudi nyumbani na vitu vitatu: ripoti, karatasi ya karo na karatasi ya kazi za likizo. Kwenye hiyo ya mwisho, chini ya Kiswahili, mara nyingi kuna sentensi moja tu: soma riwaya, tamthilia na diwani ya hadithi fupi, kisha uandike muhtasari wa kila sura. Chini ya Kiingereza kuna dada yake sentensi hiyo. Siku ya kufungua, daftari hurudi limejaa mihtasari ya lugha safi kuliko ya mwalimu, na mwenye daftari hajui mhusika mkuu alimkosania nini babake.

Lawama humwangukia mtoto: mvivu, simu imemlevya. Kabla hatujamhukumu, tupige hesabu.

Chukua riwaya ya kurasa 190 yenye sura 12, tamthilia ya kurasa 100 yenye sehemu 6, na diwani ya kurasa 160 yenye hadithi 12. Jumla ni kurasa 450 na mihtasari 30. Tukadirie dakika mbili kwa ukurasa kwa mwanafunzi anayesoma kimoyomoyo katika lugha asiyonyonya nayo: kusoma peke yake ni saa 15. Muhtasari wa sura, ukiandikwa kwa akili na si kwa kunakili, hula dakika 25 hivi. Mara 30, saa 12 na nusu. Yaani kuandika kunakaribia kula muda sawa na kusoma kwenyewe.

Sasa tazama siku. Likizo ya Aprili au ya Agosti ni wiki kama tatu. Toa Jumapili tatu, siku mbili za kusafiri na kufua sare, na moja ya kujiandaa kurudi, zinabaki 15. Gawanya: ni saa moja na dakika 50 kila siku, Kiswahili pekee. Ongeza Kiingereza, ni saa tatu na dakika 40, na Hisabati na Kemia bado hazijafunguliwa. Kazi ya namna hiyo ina mlango mmoja tu wa kutokea: kununua mwongozo, kile kijitabu cha uchambuzi wa kitabu, na kunakili.

Kipimo kinachotekelezeka ni nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki tatu ni dakika 450, yaani kurasa 225: riwaya moja, na akiba kidogo. Kwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, ambayo hukaribia wiki tisa, ni kurasa 675: vitabu vitatu, au vinne vikiwa vyembamba. Ukitaka kujua kasi halisi ya mtoto wako usiniamini mimi wala dakika zangu mbili. Mpe kitabu, tega simu dakika kumi, hesabu kurasa. Akisoma nne, nusu saa ni kurasa 12. Akisoma saba, ni 21. Panga likizo kwa namba yake. Halafu usishangae kasi ikitofautiana kati ya lugha mbili: ukurasa wa Kiswahili una maneno machache, lakini neno kama «hawakutuambia» limebeba mzigo ambao Kiingereza huugawia maneno matano.

Likizo ya nani?

Desturi ya orodha ndefu ya vitabu vya likizo imekolea Marekani, ambako shule hufungwa majira ya joto, kati ya Juni na Agosti, kwa wiki kumi hivi. Huko mwaka wa shule huisha hapo, mtoto akarudi darasa jipya na mwalimu mpya, na hofu ni kwamba atakuwa amesahau. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39 na kukadiria kwamba likizo hiyo hurudisha alama nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo. Hesabu iliumia zaidi. Kwenye kusoma, pengo lilijitokeza kati ya watoto wa familia zenye uwezo na wa zile zisizo nao. Watafiti wa baadaye wametilia shaka ukubwa wa hasara hiyo, na mjadala haujafungwa.

Kinachotufaa sisi zaidi ni jaribio la James Kim na Thomas White lililochapishwa 2008, la watoto wa gredi ya 3 hadi ya 5. Waliopewa vitabu tu vya kusoma likizoni hawakuonyesha tofauti ya maana na wasiopewa. Waliosonga ni wale ambao, pamoja na vitabu, mwalimu aliwafundisha kabla ya kufunga namna ya kujiuliza maswali wakisoma, na nyumbani wakasoma kwa sauti mbele ya mtu. Kitabu bila mtu wa kukizungumzia hakikuwasogeza.

Kwetu mwaka wa shule huanza Januari. Likizo za Aprili na Agosti ziko katikati ya mwaka. Darasa ni lile lile, mwalimu ni yule yule. Ni likizo ya Novemba na Desemba tu inayofanana na ile ya Wamarekani. Kutumia orodha ya aina moja kwa likizo zote tatu ni kama kupanda mahindi Desemba kwa sababu yale ya Machi yalistawi.

Kusoma si kazi moja

Fundo lenyewe liko kwenye neno «soma». Mtaala wetu hutenganisha kusoma kwa kina na kusoma kwa mapana, na walimu wa Kiswahili wanalijua hilo vizuri, lakini likizo ikifika vyote hutiwa kwenye kikapu kimoja. Kusoma kwa mapana ni kusoma kingi, kwa raha, kwa kasi, bila kalamu. Kusoma kwa kina ni kurudia kidogo, polepole, kwa kalamu. Anayesoma kitabu cha raha kwa kalamu huchoka kufikia sura ya pili. Anayesoma kitabu cha mtihani kama cha raha hubaki na hadithi kichwani asiwe na ushahidi wa kuitetea.

Kundi la gredi ya 7, 8 na 9, yaani sekondari msingi, linahitaji zaidi kusoma kwa mapana. Hawa hawana vitabu teule, yaani vitabu vya fasihi vya mtihani, vya kufa na kupona, na mwanafunzi wa gredi ya 8 anayepewa mihtasari 30 anatendewa kosa. Kidato cha tatu na cha nne ndio wenye vitabu teule, au setibuku kama wanafunzi wanavyoviita, na watahiniwa wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya mfumo wa 8-4-4 ni wa 2027. Vitabu hivi hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo mzazi anayerithisha kitabu cha kaka mtu aanze kwa kumuuliza mwalimu kama bado kinatahiniwa.

Kuchagua kitabu cha mapana kuna jaribio la zamani la vidole vitano. Fungua ukurasa wa katikati, usome wote. Kila neno usilolijua, kunja kidole. Kimoja hadi vitatu, kitabu kinakufaa. Vitano, kirudishe rafuni, kitakusubiri mwakani. Jaribio hili lina mtego mmoja kwa mtoto wa mjini Nakuru au Kisumu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kila siku: akifungua ukurasa wa mazungumzo atajua kila neno, ajione bingwa. Afungue ukurasa wa maelezo, pale mwandishi anapoeleza mandhari au hisia. Hapo ndipo msamiati wa fasihi umejificha.

Neno gumu likija njiani asisimame. Kwa kitabu cha kuazima asiandike ndani pia. Akate ukanda wa karatasi wa upana wa vidole viwili, uwe alamisho, na juu yake aandike neno na namba ya ukurasa. Jioni ya Ijumaa atafute kwenye kamusi yale tu yaliyorudi mara mbili au tatu. Mengine yatajieleza yenyewe au hayana haja. Mtoto anayefungua kamusi mara nane kwa ukurasa hasomi riwaya tena, anasoma kamusi yenye vituo.

Na kitabu cha mapana si lazima kiwe riwaya. Ukurasa wa michezo wa Taifa Leo ni kusoma. Kijana anayefuata Gor Mahia au AFC Leopards kwa uchungu atapambana na aya ngumu ya gazeti kwa bidii ambayo hataipa insha yoyote. Kinachohesabika hapa ni dakika, na dakika hizo zisidaiwe muhtasari. Ukitaka ushahidi, mwambie aandike mistari miwili: jina la kitabu, ukurasa aliofikia, na jambo moja lililomuudhi au kumfurahisha. Basi.

Kitabu teule kinavyosomwa

Hapa ndipo panahitaji subira, maana ndipo alama zilipo. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ya fasihi, ina alama 80: maswali manne ya alama 20 kila moja, kutoka kwa riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Kiingereza nacho kina insha mbili za alama 20 kuhusu vitabu teule katika karatasi yake ya tatu, na swali la kifungu cha alama 25 katika ya pili. Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalosema: eleza kwa ufupi kilichotokea katika sura ya saba. Muhtasari wa sura, ile kazi iliyokula saa 12 na nusu, hautahiniwi hivyo.

Raundi ya kwanza ni ya hadithi. Mwanafunzi asome kitabu chote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kalamu, kama anayesikiliza umbea mrefu. Riwaya ya kurasa 190 ni vikao 13 vya nusu saa. Hii ndiyo kazi ya likizo fupi, na ikiisha, likizo imefaulu. Jambo moja tu la kuandika: majina. Nyuma ya daftari, kila jina jipya linapotokea, liandikwe na ukurasa wake na uhusiano wake: «uk. 12, shemeji wa mwalimu mkuu». Wengi wanaoiacha riwaya huiachia karibu na ukurasa wa 40, na mara nyingi sababu si ugumu wa lugha; wamewachanganya watu wawili, na tangu hapo hakuna kinachoshikana.

Raundi ya pili, inayofaa likizo ndefu, ndiyo ya kalamu. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa wima. Kushoto nakili maneno ya mhusika, si zaidi ya mistari miwili, na namba ya ukurasa. Kulia andika mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na nini kimesababisha aseme. Tuseme kwa mfano wa kubuni tu:

«Shamba hili halina bei.» uk. 41.
Msemaji ni bibi. Anamwambia mwanawe aliyerudi kutoka mjini. Wako uani, siku ya tatu baada ya mazishi ya mzee. Amesikia kwamba hatimiliki imeshapelekwa kwa dalali.

Hayo manne ndiyo muktadha wa dondoo, yaani wa maneno yaliyonukuliwa, na kwa kawaida swali lake hubeba alama nne. Linalopotezwa kila mwaka ni la nne. Mwanafunzi huandika kwamba bibi anamaanisha shamba ni la thamani sana. Hiyo ni maana ya maneno, wala si sababu ya kusemwa. Sababu ni lile tukio la dalali. Ambaye hakusoma kitabu hana namna ya kulijua tukio hilo, kwa kuwa mwongozo humpa dondoo maarufu kumi, na mtahini ana kitabu kizima cha kuchagua.

Dondoo tatu kwa sura zinatosha. Riwaya ya sura 12 itatoa 36, na ukishakuwa nazo, chini ya kila moja ongeza neno moja la maudhui: ardhi, malezi, ufisadi, elimu. Swali la insha likija, lile la «jadili jinsi mwandishi alivyoshughulikia suala la ardhi», mwanafunzi hukusanya dondoo zake za ardhi, na kila hoja inapata mfano na mahali. Insha nyingi za fasihi hupungukiwa na mifano, si hoja.

Miongozo sina ugomvi nayo yenyewe. Imeandikwa na walimu, na mingine ni mizuri. Ugomvi ni wa mpangilio. Ukiisoma baada ya raundi ya pili, inakuonyesha ulichokosa, na hata kukupa nafasi ya kutokubaliana nayo. Ukiisoma kwanza, kila unachokutana nacho kitabuni unakitazama kwa macho ya mwenye mwongozo, na mara nyingi hufiki hata kitabuni. Dalili ya aliyeanza na mwongozo ni rahisi: anajua sifa sita za mhusika kwa mpangilio, lakini hajui alikuwa anauza nini sokoni.

Hadithi fupi na tamthilia hazisomwi kama riwaya. Hadithi ya kurasa 13 huisha kikao kimoja, ndiyo maana diwani ndiyo bora kwa mtoto ambaye siku yake hukatwakatwa na kazi. Tamthilia nayo inataka sauti. Ndugu wawili au watatu wagawane wahusika, wasome kwa zamu uani. Maelekezo ya jukwaani yasomwe pia, maana wanafunzi huyaruka, na humo ndimo mandhari na hali za wahusika zilimowekwa. Asiye na ndugu abadilishe sauti mwenyewe. Mbuzi hawatacheka.

Nyanya kama mtahini

Kuna jaribio la kuelewa lisilo na gharama. Jioni, mtoto amsimulie nyanyake sura aliyosoma, kwa Dholuo, Luluhya, Ekegusii au Kinandi, lugha yoyote ya pale nyumbani, bila kuchomeka maneno ya kitabu. Palipo na giza kichwani, ulimi utakwama. Na nyanya huuliza maswali ambayo hayamo kwenye mwongozo: mbona huyo mama hakurudi kwao?

Kusimuliana huko kunalipa pande mbili. Fasihi simulizi ni sehemu ya karatasi ya tatu, na hupenda kuuliza kuhusu utafiti nyanjani: hatua zake, njia za kukusanya, matatizo yake. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo watoto walilala na kusikiliza ngano na vitendawili. Siwindhe yenyewe imepungua, wazee wapo. Mwanafunzi wa Kano aliyerekodi kwa simu mighani ya Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo aliyeuawa kwa kuchomwa kivuli chake, kutoka kwa mzee wa kijiji, akaona mzee akisita pale kivuli kinapochomwa mkuki, na akapata usimulizi wa pili unaotofautiana na wa kwanza, ana jibu la swali hilo mkononi. Matatizo ya utafiti hatayakariri. Yamemkuta: mzee alitaka sukari kwanza, simu iliisha chaji, jogoo aliharibu rekodi.

Kitabu kinapatikana wapi

Maktaba za umma zilizoanzishwa na shirika la kitaifa la maktaba, KNLS, ziko Kisumu, Kakamega, Nakuru na Eldoret, miongoni mwa miji mingine. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba chini ya majukumu ya kaunti, kwa hiyo malalamiko ya vitabu vichache yana pa kupelekwa: ofisi ya mwakilishi wa wadi ni karibu kuliko Nairobi. Mtoto anayetaka kuazima aende na mzazi mwenye kitambulisho. Anayetaka kusoma pale pale awahi, maana viti hukaliwa mapema na wanafunzi wa vyuo.

Vitabu vya mtumba vya pembeni mwa barabara ni hazina kwa kusoma kwa mapana, na bei hupunguzwa ukinunua viwili vitatu. Kwa vitabu teule, kuwa mwangalifu. Nakala za wizi zimejaa. Tazama maandishi: yakiwa na ukungu kama ya fotokopi, na ukingo umekatwa upande, shaka ianze. Kisha hesabu kurasa. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa kurasa 16 au 32, zikashonwa au kugundishwa pamoja. Kwa hiyo kosa likitokea halipotezi ukurasa mmoja, hupoteza kurasa 16 kwa mpigo, au huzirudia mara mbili. Pitisha kidole kwenye namba zote kabla ya kulipa. Dakika moja tu. Mwanafunzi anayegundua Desemba 20, akiwa kijijini Butere, kwamba uk. 96 unafuatwa na uk. 113 hana tena pa kwenda.

Faili za PDF zinazozunguka WhatsApp zina ugonjwa huo huo, juu ya kuwa ni kumwibia mwandishi.

Njia inayosahaulika ni stoo ya shule. Vitabu hulala humo likizo nzima, kwa hofu ya kupotea. Hofu ina msingi, lakini ina dawa: kila nakala ipewe namba ndani ya jalada, daftari la stoo liandike namba, jina, hali ya kitabu na saini ya mzazi siku ya kufunga. Nakala zikiwa nusu ya darasa, gawa kwa ujirani, si kwa dawati. Wawili wanaotoka kata moja washirikiane kitabu kimoja, na wabadilishane Jumamosi ya katikati ya likizo, yule wa kwanza akiwa amemaliza raundi yake. Ukiwaunganisha wa Ahero na wa Mumias, kitabu kitabaki Ahero.

Nusu saa inakaa wapi

Ratiba ya kusoma isiyojua shamba ni ya kuchekesha tu. Aprili ni palizi karibu kote magharibi. Agosti, Kakamega na Busia wanavuna. Trans Nzoia na Uasin Gishu mavuno ni ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo likizo ndefu ya mtoto wa Kitale si ndefu kama inavyoonekana kwenye kalenda. Wasichana hubeba mzigo wa ziada wa maji, jikoni na watoto wadogo, na mara nyingi nusu saa yao haipatikani mpaka mtu mzima aitamke kwa sauti: kuanzia saa hii mpaka saa hii, asitumwe.

Kakamega kuna zawadi ya mvua ya alasiri. Kazi ya shamba hufanyika asubuhi, na saa tisa hivi wingu likishuka kila mtu yuko ndani. Ni wakati mzuri wa kusoma, lakini kimoyomoyo tu. Chini ya mabati husikii hata sauti yako, kwa hiyo tamthilia isubiri. Kisumu alasiri ni joto la kusinzia, bora asubuhi mara kunapokucha. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi mwaka mzima, na baada ya hapo ni suala la taa. Koroboi hutoa moshi na mwanga wa kuyumba. Taa ndogo ya sola iliyoanikwa mchana kutwa ni bora mara kumi, mradi mtu asiichukue kwenda nayo chooni. Weka kikao kabla ya chakula cha jioni. Aliyeshiba ugali akiwa amelima tangu asubuhi hasomi, analala na kitabu usoni.

Neno moja kwa shule. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumlazimisha mwanafunzi masomo ya likizo. Karatasi ya kusoma nyumbani ni kitu kingine. Ikigeuka kuwa darasa la kulipia la Agosti, mzazi ana haki ya kukataa.

Wiki ya kufungua

Mwanafunzi akijua hataulizwa, hatasoma, na akiulizwa kwa daftari tu, atanakili. Njia ya mwalimu mwenye darasa la watu 40 ni hii: kila mmoja aje mbele na kitabu chake kwa dakika mbili. Mwalimu afungue ukurasa wowote, asome mstari mmoja, aulize: nani huyo, na kabla ya hapo kulitokea nini? Ni dakika 80, vipindi viwili vya dakika 40. Kusahihisha mihtasari 30 ya watu 40 ni mihtasari 1,200, na hakuna aliyewahi kuimaliza.

Asiyejibu asichapwe wala asifukuzwe kwenda kuleta mzazi. Muulize alifika ukurasa wa ngapi. Akisema 38, mpe orodha ya majina ya wahusika hadi hapo, na umwambie aanzie 30.